Shibiri Moja, Miaka Arobaini

Lilikuwapo Shamba, na nje ya Shamba hapakuwapo kitu. Aliyetembea kutafuta mwisho wake alifika jioni palepale alipoanzia asubuhi, nyumba yake ikiwa imempa kisogo. Hakuna aliyejua lilianza lini. Miaka huko haikuhesabiwa kwa kalenda, ilihesabiwa kwa kulima; na kila lilipolimwa, mwaka uleule ulirudi, mwepesi kidogo kuliko ulivyoondoka, kama shuka iliyofuliwa mara nyingi hadi mwanga unapita.

Siku tunayoisimulia, jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi. Ndalahwa alikuwa amepiga magoti katikati ya kitalu chake, jembe la mkono mapajani, na mjukuu wake wa siku saba alikuwa bado hana jina.

Huko mtoto hapewi jina na watu. Jina hutoka chini. Siku ya saba babu mzaa mama hukichukua kitovu kilichodondoka, akakifukia kwa mkono wake mwenyewe katika udongo alioulima yeye mwenyewe, kwa kina cha dhiraa moja: kutoka kiwiko chake hadi ncha ya kidole chake cha kati, shibiri mbili kamili. Kisha hulaza sikio juu ya shimo, Shamba likataja jina, naye akalirudia kwa sauti. Tangu hapo mtoto ni mtu. Lakini jua likizama kabla kitovu hakijafika, mtoto huitwa wa Juu. Huandikwa namba ya mstari, na siku anapoachishwa ziwa huchukuliwa na kupelekwa popote palipopungukiwa mikono. Mama yake haambiwi ni wapi.

Kwandu, binti yake Ndalahwa, alikuwa ameketi juu ya mkeka ukingoni mwa shimo, mtoto kifuani. Aliyesema ni mama yake, Mbula, aliyesimama kivulini mwa kanga aliyoishika juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Baba Kwandu, unachimba au unalipapasa?"

"Nachimba."

"Maana naona unaokota kila kitonge unakitazama kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Jua halikukusubiri siku ya harusi yetu, ukafika watu wameshakula. Leo ndiyo litakusubiri?"

Ndalahwa alichota kiganja kingine cha udongo. Alikuwa kweli anatazama. Kila unene wa kidole alioushuka ulikuwa misimu kadhaa, na misimu ile ilikuwa imelala bila kubadilika. Juu kabisa palikuwa na unga wa kijivu, mwepesi, usioshikana. Ukiufumba kiganjani na kukifumbua hukuti kitonge, unakuta alama za vidole vyako tu. Ndani yake mlikuwa na punje nyeupe za mbolea ya mwaka jana na ya mwaka juzi, nyingine nzima kama zilivyotoka guniani. Aliweka chembe ya udongo ulimini. Zamani, alipokuwa kijana, udongo wa hapa ulikuwa na ladha ya kitu kilichopikwa. Sasa ulikuwa na uchachu wa msumari mdomoni mwa fundi.

Chini ya hapo alikuta mabua. Aliyajua mabua yale, ni ya mahindi aliyoyafukia yeye miaka tisa nyuma, na yalikuwa manjano bado, na yalivunjika kwa mlio, kama ya jana. Hayakuwa yameoza, maana hapakuwa na wa kuyaozesha. Alitafuta nyungunyungu mmoja. Alitafuta mchwa, jongoo, hata ule utando mweupe wa ukungu ambao mkulima huudharau. Hapakuwa na anayeishi. Ilikuwa nyumba iliyofagiwa hadi ikawa haina watu.

Hapo ndipo jembe lilipogonga.

Halikuzama. Lilirudi juu na kuutetemesha mkono wake hadi begani, na mlio wake ulikuwa wa chuma juu ya saruji.

"Umepiga jiwe, baba?" Kwandu aliuliza.

"Hapa hapana mawe. Mawe yote niliyaokota mimi kabla hujazaliwa."

"Basi ni nini?"

Ndalahwa aliingiza mkono shimoni, akatandaza vidole kutoka gumba hadi cha mwisho. Shibiri moja. Haikuzidi hata kwa unene wa ukucha. Na pale magotini, mbele ya mkewe na binti yake, jasho lilimkauka ghafla, kwa sababu kipimo kile alikuwa anakijua kuliko alivyoujua uso wake.

Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza wa trekta katika Shamba. Wenzake walilima kama ng'ombe aliyekatika kamba, huku kina, kule juujuu. Yeye alilima shibiri moja. Ungeweza kutembea nyuma ya plau yake na rula, mfereji mzima, kutoka asubuhi hadi asubuhi, usikute kosa. Watu walikuja kutazama tu. Na kwa kuogopa kwamba siku akiumwa dereva mwingine angeuchezea mkono unaopandisha na kushusha plau, akauharibu usawa ule, Ndalahwa aliuchomelea. Aliuchomelea mwenyewe, kwa moto, miwani nyeusi usoni, akaupiga tupa hadi ukang'aa. Tangu hapo plau ile haikujua kina kingine. Miaka arobaini ncha zake zilipita zikilamba mahali palepale, na gurudumu kubwa la trekta likikanyaga ndani ya mfereji palepale, na kila mwaka uliacha pale chini utando mwembamba wa udongo uliosagwa na kugandamizwa, mwembamba kama ganda la kitunguu. Arobaini mara ganda la kitunguu.

Hakuwahi kamwe kuchimba hadi hapo. Kwa nini achimbe? Juu palikuwa sawa.

"Shikamoo, mzee wangu."

Msimamizi wa Shamba alikuwa amefika bila mlio. Alivaa viatu vyeupe ambavyo vumbi halikuvishika, na kwapani alikuwa na daftari la majina.

"Marahaba."

"Naona unajichosha. Dhiraa si imekwisha kupatikana hiyo?"

"Shibiri moja."

"Ajabu." Msimamizi alilifungua daftari, akateremsha kidole. "Lusangija, dhiraa. Huyu, dhiraa. Huyu naye, dhiraa. Udongo mmoja, Shamba moja. Wewe peke yako ndiye uone sakafu?"

"Mimi sijasema sakafu."

"Vizuri sana. Usiseme." Alitabasamu kama mtu anayemsaidia mwingine kubeba mzigo. "Mahindi yako hayaoti?"

"Yanaota."

"Mwaka jana yalifika wapi?"

"Yalinipita kichwa."

"Basi? Mzee wangu, wewe ni mtu mwenye akili, umesoma kwa juhudi zako. Udongo ni sahani. Chakula kinatoka kwenye magunia ninayowaletea. Nani huiuliza sahani kama imeshiba?"

Mbula aliishusha kanga kidogo. "Na mwaka huu magunia mangapi, bwana mkubwa? Maana nilipoolewa mume wangu alikuwa analima bila gunia hata moja, na mahindi yalimpita kichwa vilevile. Na alikuwa mrefu zaidi wakati huo."

Msimamizi hakumwangalia. Alitoa kalamu. "Niandike dhiraa, tumpe mtoto jina zuri, twende tukanywe uji. Jua bado lina hatua tatu."

Jirani yao Lusangija alikuwa amesimama nyuma ya Msimamizi, kofia mkononi, akitazama pembeni. Mwezi uliopita yeye naye alipiga magoti hivi. Alifika shibiri moja, akakiacha kitovu hapo, akafukia, akalaza sikio, na kwa kuwa hakusikia lolote akabuni jina. Lilikuwa jina zuri. Watu walipiga vigelegele. Kufika jioni hakuna aliyelikumbuka. Waliliandika ukutani kwa mkaa, wakaamka na kukuta ukuta umeandikwa lakini hakuna anayeweza kulisoma. Mtoto yuko nyumbani, hajachukuliwa, lakini juzi mama yake alimpita mtoto akilia pale mkekani, akauliza majirani, "Huyu wa nani?"

"Lusangija," Ndalahwa aliita. "Mjukuu wako hajambo?"

Lusangija alifungua mdomo. Midomo ilitafuta. "Hajambo," alisema hatimaye. "Yule… yule hajambo."

Ndalahwa alimwambia mkewe amletee tindo na nyundo.

*

Alipiga. Vigae vya udongo viliruka vikiwa vimelaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Alipiga tena, na shimo likawa refu kuliko lilivyokuwa, yaani kuta zake zilipanda juu bila yeye kushuka, hadi sauti ya Mbula ikawa ya mbali na anga likawa kama kifuniko cha sufuria. Sakafu ilitanuka pande zote. Ilikuwa laini, ya kung'aa, na juu yake aliiona michirizi ya ncha za plau, sambamba, bila kosa. Hata katika hofu yake kitu ndani yake kiliinua kichwa. Nani mwingine angeweza kunyoosha vile?

Ndipo alipousikia mngurumo. Trekta lilitoka kwenye ukuta mmoja likielekea ukuta mwingine, na juu yake alikaa kijana mwenye ovaroli safi, shingo imenyooka, akitazama mbele kwa macho ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Ndalahwa aliikimbilia njia yake akainua mikono. Trekta lilisimama.

"Mzee, toka kwenye mfereji wangu."

"Pandisha plau."

"Nini?"

"Mwaka mmoja pandisha, mwaka mwingine shusha. Mwaka mwingine usilime kabisa, ukiache kitalu kilale. Ichomoe hiyo weldingi."

Kijana alicheka, akaupiga mkono uliochomelewa kwa kiganja, kama mtu apigaye shingo ya farasi wake. "Hii? Hii hakuna wa kuichomoa. Nilihakikisha. Wewe nani?"

Ndalahwa alitaka kusema, lakini aliona kwamba jina lake lilikuwa zito kulitaja mbele ya uso ule. Alisema tu, "Chini yako pamekufa."

"Chini yangu pako sawa. Tazama! Mimina maji hapa, hayatakwenda kokote, yatakaa kama kwenye meza."

"Ndicho ninachokuambia. Hayatakwenda kokote. Mvua ikija yatakimbia juu na kuuchukua udongo. Mzizi ukishuka utafika hapa upinde shingo, utambae kama mtu aliyefungiwa chini ya kitanda. Jua likichoma wiki mbili mahindi yatakauka, na maji yapo hapo chini, dhiraa moja tu, mizizi haiwezi kuyafikia. Utaleta gunia. Mwaka wa pili magunia mawili. Utauona mmea mrefu, utasema udongo ni mzima. Na mjukuu wako…"

"Sina mjukuu mimi. Hata mke sina."

"Utakuwa naye."

Kijana aliuangalia mkono uliochomelewa. Akauliza kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa na dharau tena, "Nikilima kina tofauti tofauti, watu watanijua kwa lipi?"

Ndalahwa alilitafuta jibu, na alipolikosa alielewa kwamba amelikosa kwa miaka arobaini. Kijana akasubiri kwa heshima kadiri ya kutosha, akatia gia. Trekta lilipita. Likampita Ndalahwa mwilini kama upepo upitavyo kwenye shuka iliyoanikwa, na nyuma yake sakafu ilibaki imeongezeka ganda moja.

Kitu ukikikandamiza kila mwaka, mahali palepale, kwa uzito uleule, nacho kikakunyamazia, utajuaje kama kimekubali au kimekufa? Alikuwa akiita ule unyamavu utii. Alikuwa akisema, udongo wangu haunisumbui. Alipita juu yake akiimba. Na nani mwingine alimnyamazia? Mbula alikuwa akisema zamani, kisha akageuza maneno yote kuwa utani. Kwandu hakusema. Watu wa vitalu vyote walilimwa kwa kina kimoja, wakatiwa chakula kutoka juu, wakaota warefu, na ukiwachimba unafika shibiri moja, halafu mlio. Na yeye mwenyewe? Aliupiga ngumi mfupa wa kifua chake, pale magotini, kutaka kusikia mlio ukoje.

*

"Baba!"

Sauti ya Kwandu ilimrudisha. Shimo lilikuwa shimo tu, la upana wa mkono wa mtu mzima. Jua lilikuwa limegusa mabua. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu na tindo lilikuwa limekuwa butu.

"Pima," Mbula alisema. Haikuwa na utani sauti yake.

Alilala kifudifudi, akaingiza mkono. Gumba, kidole, gumba, kidole. Alirudia. Kiwiko chake kilikuwa kimesimama juu ya uso wa ardhi kwa unene wa kidole kimoja, na chini, ncha ya kidole chake cha kati iligusa ugumu uleule, baridi, laini, wa kung'aa.

"Imebaki kiasi gani?" aliuliza Kwandu.

"Kidole."

"Kidole kimoja!" Msimamizi alichuchumaa kando yake, karibu kabisa, akanong'ona kama daktari. "Mzee wangu, kidole kimoja nani atakiona? Weka kitovu. Mimi naandika dhiraa. Mtoto analala kwa mama yake leo na kesho na kesho kutwa. Ukisema hapana, kalamu hii hii itaandika namba. Mimi sitaki. Wewe unataka?"

Kwandu alikuwa ameinuka mkekani. Alimkumbatia mtoto hivi kwamba kichwa chake kilipotea ndani ya kanga. "Baba, sema dhiraa."

"Mwanangu…"

"Sema dhiraa, baba! Nitamwita mimi. Nitamwita kila saa, sitasahau. Yule mwenzangu alisahau kwa kuwa alilala. Mimi sitalala."

Ndalahwa alimtazama Lusangija. Lusangija alikuwa ameisokota kofia yake hadi imekuwa kamba. Walitazamana, na Lusangija akatikisa kichwa, mara moja, kidogo sana, kwa namna ambayo Msimamizi asingeiona. *Usifanye.*

Ndalahwa alisimama. Ilimchukua muda, magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuusema mfereji uliopinda kuwa umenyooka, na kiburi hicho, ambacho kilikuwa kimeua kila kitu chini yake, ndicho peke yake kilichobaki cha kumsimamisha.

"Haijafika," alisema, kwa sauti ambayo vitalu vya mbali viliisikia. "Wala yako, Lusangija, haikufika. Hakuna iliyofika. Chini ya Shamba pana sakafu. Nimeijenga mimi, kwa mkono wangu, na niliipenda."

Msimamizi alijiinua polepole. Jua lilizama akiwa anafungua kifuniko cha kalamu.

"Mstari wa sita," alisema akiandika. "Namba kumi na moja. Ya kike." Aliupuliza wino. "Umeona sasa?"

Kilio alichotoa Kwandu hakikuwa na neno ndani yake. Mbula alikwenda akamshika, akamketisha, kisha akarudi, akachukua nyundo kutoka mkononi mwa mumewe, akaitazama, akamrudishia.

"Mbona umesimama?" alisema. "Nani kakuambia umemaliza?"

"Jua limezama, mama," Msimamizi alisema. "Imeandikwa. Kuchimba sasa ni kazi bure."

"Imeandikwa kwako. Baba Kwandu, piga."

Alipiga. Lusangija alivua shati akaja akashika tindo, na Ndalahwa akapiga. Hakuwa akipigania kipimo tena, wala jina. Alipiga kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyoifunga kwa nje, akikumbuka kwamba kuna mtu ndani. Pigo la kumi, la ishirini. Halafu mlio ukabadilika. Chuma hakikurudi. Kilikwenda, chote, hadi Lusangija akaanguka kifudifudi, na kutoka kwenye ufa ule mwembamba ikapanda harufu ambayo vijana waliokuja mbio kutoka vitalu vya jirani hawakuijua, nao wazee waliinusa wakafunika nyuso.

Ndalahwa alikishusha kitovu. Mkono ulipita dhiraa, ukaendelea hadi kwapani, na huko chini palikuwa na unyevu, na udongo ulishikana katika vidole vyake kama ugali.

Mbula alichukua kata ya maji ya kunywa aliyokuja nayo, akayamimina yote shimoni. Hayakusimama hata kidogo. Yalikwenda, yakitoa sauti ya koo, funda, kituo, funda; na sauti ile haikuishia hapo chini, bali ilitambaa pande zote chini ya vitalu, ikapita chini ya mkeka, chini ya viatu vyeupe. Msimamizi aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, akikosa pa kukanyaga.

Ndalahwa alilaza sikio. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba.

Kwandu alikuja akachuchumaa mbele yake, mtoto mikononi.

"Baba. Limesema nini?"

"Nyamaza, mwanangu," alisema Ndalahwa, bila kuinua kichwa. "Linakunywa."